Birika la Kahawa ya Kumimina: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Wageni wakija nyumbani nikawapikia kahawa, macho yao hayaendi kwenye kahawa, yanaenda kwenye birika. "Hili si la kumwagilia maua?" shangazi aliniuliza siku ya kwanza alipoliona. Baada ya yeye wamekuja wengine, na maswali ni yaleyale: limegharimu kiasi gani, linatumia umeme kiasi gani, na kwa nini shingo yake ndefu hivyo. Nimeyakusanya hapa.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini: kahawa ya kumimina ni ile ambayo unga wa kahawa unakaa ndani ya karatasi ya kuchujia, karatasi inakaa ndani ya dripa, yaani faneli ya kahawa yenye tundu chini, na wewe unamimina maji ya moto juu yake kwa mkono, kidogo kidogo, kahawa inadondokea kwenye kikombe kilicho chini.

Nina birika la umeme la kawaida. Halitoshi?

Linatosha kuanzia. Tatizo lake utaliona wiki ya kwanza tu.

Birika la kawaida limetengenezwa ili maji yahame haraka kutoka humo kwenda kwenye chupa ya chai. Mdomo wake ni mpana na mfupi. Ukiliinamisha kidogo hakitoki kitu, ukiongeza kidogo yanatoka kwa mkupuo. Kwenye dripa mkupuo huo unachimba shimo katikati ya unga, na maji, kama ilivyo kawaida yake, yanafuata njia rahisi: yote yanapitia kwenye shimo. Unga wa pale katikati unakamuliwa mpaka unatoa uchungu, ule wa pembeni unabaki kama haujaguswa. Ndiyo maana unaweza kunywa kikombe kilicho kichungu, kichachu na chepesi kwa wakati mmoja, ukaanza kuilaumu kahawa wakati kosa ni la maji.

Kuna ujanja wa kati. Chemsha kwenye birika lako la kawaida, kisha hamishia maji kwenye jagi dogo la chuma lenye mdomo uliochongoka, kama yale ya kumiminia maziwa, umimine kwa hilo. Yanapoa kidogo, lakini mkono unatii. Au shika kijiko juu ya dripa ukimiminie maji mgongoni, yaanguke kwenye unga yakiwa yametawanyika. Nimekaa na kijiko hicho miezi kadhaa kabla sijanunua chochote, na baadhi ya vikombe vya siku zile navitamani hadi leo.

Na kama kahawa yako unaipika kwa presi ya Kifaransa au kwa AeroPress, funga ukurasa huu. Huko unga unalowa wote ndani ya maji, kwa hiyo namna ulivyoyamimina haina uzito mkubwa. Pesa yako inunue kahawa nzuri.

Aina ya dripa inabadilisha chochote?

Inabadilisha sana, na ni jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alichoka na machicha kwenye kikombe, akatoboa kopo la shaba nyeupe, akalitandika karatasi ya kukaushia wino, akamimina maji juu yake. Hakuwa na birika la shingo ndefu. Dripa za ukoo wa Melitta mpaka leo zina tundu dogo chini, na tundu hilo ndilo linaloamua kasi ya maji kutoka. Ukimwaga kwa pupa, maji yanasubiri foleni.

V60 ya kampuni ya Hario ya Japani ni kinyume chake. Umbo lake ni la V, pembe yake nyuzi 60, na jina limetokana na hayo mawili. Chini ina tundu moja kubwa ambalo halizuii kitu. Kasi ya maji inaamuliwa na vitu viwili: unga ulivyosagwa na mkono wako. Hapo ndipo birika linakuwa nusu ya kazi. Kalita Wave, yenye kitako bapa na matundu matatu madogo, iko katikati. Inasamehe makosa ambayo V60 haiyasamehi.

Kwa hiyo mwenye V60 na birika la mdomo mpana atahangaika. Mwenye dripa ya tundu dogo anaweza kukaa mwaka mzima na jagi lake bila kudaiwa.

Hiyo shingo ndefu inafanya kazi gani hasa?

Mimi naiita shingo ya bata, kwa sababu imeinuka, ikapinda, kisha ikainama mbele kama bata anayetazama maji. Iangalie vizuri uone inapoanzia: karibu na kitako cha birika, si karibu na mfuniko. Maji yanayoingia humo yanatoka chini, yakisukumwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, halafu yanapita kwenye mrija mwembamba unaoyatuliza. Mawimbi ya ndani ya birika hayafiki mdomoni. Unapata uzi mmoja wa maji, wa unene uleule, tangu mwanzo hadi karibu na mwisho.

Uzi huo ndio kitu unachonunua. Rangi, kioo cha namba na mpini wa mbao ni mapambo ya harusi.

Kwa mfano: gramu 15 za kahawa, gramu 250 za maji. Mimina kwanza kama gramu 40, uloweshe unga wote, kisha usubiri sekunde 30 hadi 45. Unga uliokaangwa karibuni utaumuka kama donge la maandazi, kwa sababu gesi iliyobaki ndani yake inatoka. Kumimina gramu 40 na kusimama papo hapo, bila kufika 70, kwa birika la kawaida ni bahati nasibu. Kinachofuata ni mizunguko ya polepole, gramu 4 hadi 6 kwa sekunde, kutoka katikati kwenda nje na kurudi, bila kupiga kuta za karatasi. Jaribu kufanya hivyo kwa birika la lita 1.7 lililojaa, utanielewa.

Shingo ina kasoro moja. Maji yaliyokaa ndani yake hayachemki sawasawa na yale ya tumboni, kwa hiyo ya kwanza kutoka yana ubaridi. Yatumie kulowesha karatasi na kupasha kikombe, kisha uyamwage. Kazi hiyo ulikuwa uifanye hata hivyo.

Dele la bibi je? Nalo lina mdomo mwembamba.

Swali hili huulizwa na watu wa Pwani, na nalipenda kuliko yote. Dele, birika la kahawa la Pwani, ni chombo cha heshima. Muuza kahawa wa barazani analibeba na makaa yake chini, anagonganisha vikombe mkono wa pili, anamimina kutoka juu bila kurusha tone. Mkono ule ukiupa V60 utatushinda wote.

Lakini dele limetengenezewa kahawa iliyokwisha kupikwa: kuitunza ikiwa moto na kuigawa vikombe vidogo kwa haraka. Mdomo wake ni kama wa ndege, wazi kwa juu au mpana kwenye shina, hivyo maji hutoka mengi kwa pigo moja. Pia dele lililopika kahawa na tangawizi kwa miaka ishirini lina harufu yake ambayo hakuna siki itakayoitoa, na sidhani kama ungependa itoke. La shaba lina jambo jingine la kuangalia: ndani hupakwa bati, na bati likishaisha si vizuri kuendelea kuchemshia humo mpaka fundi alipake tena.

Liache dele lifanye kazi yake. Kashata zikiwepo, niite.

Ninunue la umeme au la kuweka jikoni?

Jiulize kwanza nyumbani mnapikia nini, na umeme wa mtaa wenu una tabia gani.

La jikoni ni bati la chuma cha pua, shingo na mpini. Halina cha kuharibika. Hario Buono ni la namna hiyo, na yako mengi yanayoliiga, mengine kwa ufanisi kabisa. Linakaa juu ya gesi, na umeme ukikatika unaendelea na kahawa yako. Tahadhari ni moja, nami niliilipia: moto usizidi kitako cha birika. Birika hizi zina kitako chembamba kuliko sufuria, na nilipoliweka langu la kwanza kwenye jiko kubwa la gesi, moto ulipanda ubavuni ukaulamba mpini wa plastiki. Asubuhi ile nyumba nzima ilinuka kila kitu isipokuwa kahawa. Tumia jiko dogo, moto wa chini, na geuza mpini uwe upande usio na moto. Kwenye jiko la mkaa linawezekana, ila mpini unapata moto wote na masizi hayatoki kirahisi. Chukua kitambaa.

Mwenye jiko la induksheni apime kwa sumaku. Isiponasa kwenye kitako, jiko halitalitambua birika, hata liwe la bei gani.

La umeme lina faida ya raha: unabonyeza, unasaga kahawa, ukigeuka maji tayari. Yapo ya aina mbili. Ya kwanza yanachemsha na kuzima tu, kama birika la kawaida lenye shingo. Ya pili yana kitako chenye namba: unachagua joto, linafika hapo, linalishikilia. Hayo ya pili bei yake ni ya mara kadhaa kuliko ya jikoni, na swali la kama yanastahili pesa hiyo linategemea mahali unapoishi kuliko unavyofikiri. Endelea chini.

Joto lipi ni sahihi? Nalazimika kuwa na birika la kuchagua nyuzi?

Wapikaji wengi hufanya kazi kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi. Kahawa iliyokaangwa kidogo, ile ya rangi ya karanga, ni ngumu kutoa utamu wake, kwa hiyo inataka maji ya juu kabisa. Iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi na kung'aa mafuta inatoa kila kitu kwa urahisi, uchungu ukiwemo, kwa hiyo teremka hadi 88 au hata 85. Robusta ya Kagera naimiminia maji ya chini kuliko arabika ya Kilimanjaro au ya Nyeri. Hiyo ni ladha yangu, usiifanye sheria.

Sasa, maelekezo mengi mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambako maji yanachemka kwa nyuzi 100. Wanakuambia chemsha, subiri yapoe, ndipo umimine. Mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja au Maskati anaweza kuwasikiliza. Mtu wa bara asiwasikilize.

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kwa joto la chini zaidi. Kwa makadirio ya haraka toa nyuzi moja kwa kila mita 300. Kampala, mita 1,200 hivi, maji yanachemka karibu na nyuzi 96. Arusha, mita 1,400, ni 95 na kidogo. Kigali na Goma ziko karibu na 95. Mbeya na Nairobi, mita 1,700 hadi 1,800, ni 94. Hapo ndipo mwisho. Ukiongeza moto unaongeza mvuke, joto haliongezeki.

Niliishi Dar na birika langu la namba, nililizoea kuliweka 96. Nikahamia Nairobi nalo. Asubuhi ya kwanza likawa linachemka tu, linaruka ruka, mvuke umejaa jikoni, na halizimi, kwa sababu lilikuwa linasubiri nyuzi 96 ambazo Nairobi haina. Nilidhani limekufa safarini. Baadhi ya mabirika ya bei kubwa yana sehemu ya kuingiza mwinuko wa mahali ulipo ili kuepuka jambo hili. Kama lako halina, sawa na langu, liweke chini ya kiwango cha kuchemka cha mji wako, nyuzi moja au mbili.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii. Ukiwa Nairobi, Iringa, Mbeya au Kigali na unapenda kahawa iliyokaangwa kidogo, maji yanayochemka ndiyo joto unalolihitaji. Mimina yakiwa bado yanatokota, usisubiri. Birika la jikoni lisilo na namba hata moja linakufanyia kazi ileile, na pesa iliyobaki unainunulia mashine ya kusagia. Namba zinaanza kukusaidia ukiwa pwani, au ukiwa mtu wa kubadilisha kahawa mara kwa mara, leo nyepesi, kesho nyeusi. Au ukiwa mnywaji wa chai ya kijani, ambayo maji ya kutokota yanaiunguza.

Nikiwa pwani bila birika la namba, nitajuaje nyuzi 93 zimefika?

Kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchoma nyama, kinatosha. Zima moto, fungua mfuniko, kiingize, tazama. Fanya hivyo mara tatu nne huku ukihesabu dakika na ukiwa na maji ya kiasi kilekile, utajua birika lako linapoa kwa kasi gani, na kipimajoto utakirudisha kwenye droo. Langu, likiwa na maji ya nusu lita na mfuniko wazi, linanipa ninachotaka ndani ya dakika mbili hivi. Lako linaweza kutofautiana, kwa sababu chuma chembamba kinapoa haraka na maji mengi yanapoa polepole.

Yapo mabirika yenye saa ya joto juu ya mfuniko. Sindano yake inachelewa kufuata maji, na ukijaza kidogo haiyafikii. Ni bora kuliko kukisia, basi.

Lita ngapi?

Kikombe kimoja kinataka gramu 250, na kulowesha karatasi na kupasha kikombe kunataka 150 nyingine. Watu wawili, 650 hivi kwa jumla. Birika la lita 0.8 hadi 1 linakutosha, na mengi ya shingo ya bata yako hapo.

La lita 1.2 si kosa, lakini lipime likiwa na maji. Birika tupu dukani ni jepesi kama unyoya. Liweke lita moja, liinamishe kwa dakika tatu mfululizo huku ukizungusha mkono, ndipo utajua mpini ule ulichorwa na mtu anayepika kahawa au na mtu anayependa picha. Usijaze mpaka ukingoni. Likichemka litatema kupitia shingo, na maji hayo yanakuja kwa mbele, usawa wa mkono.

Ndugu yangu yuko Marekani, anarudi Disemba. Aniletee la huko?

La umeme, mwambie asilete.

Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 220 hadi 240. Watu wanadhani birika likipewa volti mara mbili litachemsha mara mbili haraka. Kwa kipashio cha kawaida nguvu inapanda mara nne: birika la wati 1,200 linajaribu kuvuta 4,800, na halimalizi dakika moja kabla halijaungua. Kama fyuzi ikiwahi, shukuru. La Japani ni la volti 100, huko ni zaidi ya mara tano. Kigeuzi cha kubadili umbo la plagi tu hakisaidii lolote, maana hakipunguzi volti. Transfoma ya kubeba wati 1,200 ipo, nzito kama tofali, na haina maana kwa ajili ya kikombe cha asubuhi.

Geuza birika, soma kibandiko kilicho chini. Kikisema 220–240V, salama. Ndugu wa Uingereza, Dubai au Maskati hana shida: volti zinakubaliana, na plagi ya pini tatu bapa ni ileile inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania. Ndugu wa Ubelgiji au Ujerumani, volti sawa, plagi ya pini mbili za mviringo; hapo kigeuzi cha plagi kinatosha, mradi kiwe imara.

Wa Marekani mwambie alete la jikoni. Gesi haina volti.

Linakula umeme kiasi gani?

Kidogo kuliko lawama linazopewa. Kuchemsha nusu lita kutoka kwenye joto la bombani kunatumia kama sehemu moja ya ishirini ya uniti. Maana yake uniti moja ya LUKU au ya tokeni inakupa kahawa mara ishirini hivi. Kinachokula ni kuchemsha lita nzima ili utumie robo yake, na kuliacha birika la namba likishikilia joto saa nzima wakati umeshaondoka kwenda kazini.

Mabirika mengi ya shingo ya bata ni ya wati 1,000 hadi 1,200, nusu ya lile la kawaida. Yanachemsha polepole zaidi, nusu lita kwa dakika tatu na kitu. Kwa nyaya za zamani za nyumba ya kupanga hilo ni jambo jema.

Inveta yangu ya sola italibeba?

Angalia wati za inveta, si ukubwa wa paneli. Inveta ya wati 1,000 itapiga kelele na kuzima. Na hata ikibeba, kuchemsha maji kwa betri ni kama kumwagilia shamba kwa maji ya chupa. Gesi.

Chuma gani kizuri?

Chuma cha pua, basi. Hakina ladha, hakishiki kutu kikitunzwa, kinavumilia siki. Kama kimeandikwa 304 au 18/8, ni daraja la vyombo vya chakula. Enameli inapendeza, lakini ikigongwa inabanduka na chini yake kuna chuma kinachoota kutu. Shaba ni ya kupendezesha kabati. La plastiki ndani sitaki hata kulinusa. Maji ya moto ya kila siku yanaitoa harufu, na kahawa nzuri inaipokea harufu kama sponji.

Nitalijaribu vipi dukani?

Kwa maji. Muuzaji wa Kariakoo au wa Nairobi atakushangaa, lakini ukimwambia kwa adabu, "Kaka, nipatie maji kidogo nilione linavyomimina," ni nadra kukataa. Akikataa, nenda duka la jirani.

Jaza nusu. Mimina polepole kuliko unavyoweza, mpaka maji yawe uzi. Tazama mdomoni: uzi ukianguka wima chini ya ncha, zuri. Ukirudi nyuma na kuchuruzika kwenye shingo, liache hapo hapo hata likiwa la bei ya kutupa, kwa sababu kila siku utakuwa unamimina mezani. Ongeza kasi, urudi kwenye uzi, usimame ghafla. Linasimama, au linaendelea kudondosha matone matatu manne? Kisha ligeuze zaidi kana kwamba maji yanaisha, uone kama mfuniko unabaki mahali pake. Mfuniko unaoanguka ndani ya dripa ya kahawa iliyokaribia kuiva ni msiba wa asubuhi.

Chungulia pia pale shingo inapoungana na tumbo. Uchomeleaji uwe laini, bila tundu wala donge. Huko ndiko kutu huanzia, na huko ndiko kuvuja huanzia.

Ndani kumeota ukoko mweupe. Limeharibika?

Hapana. Ni madini ya maji magumu, hasa chokaa, na mwenye maji ya kisima anayajua. Weka maji nusu na siki nyeupe nusu, au kamua ndimu tatu nne, chemsha, acha saa moja, mwaga kupitia shingo ili nayo isafike, kisha chemsha maji matupu mara mbili na uyamwage. Usikwangue kwa steel waya.

Ukoko unakuambia pia jambo kuhusu ladha. Maji yanayoacha chokaa nyingi kwenye birika yanaizima kahawa, inakuwa bapa kama imepikwa jana. Maji ya kisima yenye chumvi ni mabaya zaidi. Birika halitatibu maji. Chemshia maji mengine, hata ya chupa. Na kwa wenzangu wa Arusha na kandokando: floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Inabaki yote huku maji yakipungua.

Naweza kupikia humo chai ya maziwa?

Usithubutu. Shingo ile hutaweza kuisugua ndani.

Kuna mabirika yanayoongozwa kwa simu. Vipi?

Lazima uamke ulijaze maji. Ukishaamka, kitufe kiko pale pale.

Pesa yangu ni kidogo. Nianze na birika?

Hapana, na hapa ndipo watu wanakasirika kwa sababu walikuwa wameshachagua rangi. Kinu kwanza, hata cha mkono, mradi kisage kwa mawe au meno ya chuma na si kwa kisu kinachokatakata. Unga usio sawa, nusu vumbi nusu kokoto, hauwezi kuokolewa na uzi wa maji wa namna yoyote. Cha pili, mizani ndogo ya dijitali, maana bila hiyo hujui kama umemimina 200 au 300. Birika la tatu. Na likiwa la tatu, lianze kuwa la jikoni, la chuma, la lita moja.

Nimeshanunua, lakini mkono unatetemeka. Nifanyeje?

Fanya mazoezi kwa maji baridi. Weka kikombe kitupu juu ya mizani, mimina kwa sekunde 10 ukilenga gramu 50, si zaidi. Rudia. Siku ya kwanza utapata 80, halafu 30, halafu 65. Weka kiwiko karibu na ubavu, zungusha kifundo cha mkono na si bega, na mdomo wa birika uwe karibu na maji, vidole vitatu hivi juu yake. Ukiuinua sana uzi unakatika kuwa matone na kupiga unga kama mvua. Maji ya mazoezi yamwagilie maua. Shangazi yangu ndiyo kazi aliyolipatia birika langu tangu mwanzo.